Ufundi wa Kumsubiri Mtoto

Ukitaka kumjua mwalimu hodari wa chekechea, fika darasani kwake kabla ya watoto. Utamkuta ameshafagia, mikeka imetandikwa, na kila kona ina vitu vyake. Huku kuna matofali ya mbao yaliyopigwa msasa, kule kuna vyungu, mbuzi ya nazi isiyo na meno na vipande vya kanga vya kuchezea nyumba. Vitabu viko penye mwanga, na beseni la maji liko karibu na mlango ili sakafu isiloe. Rafu ni fupi, zinamfika mtoto kifuani. Kila kikapu kimebandikwa picha ya kilichomo, ili mtoto ambaye hajajua kusoma ajue pa kuchukua na pa kurudisha. Vizibo vya soda vimegawanywa katika vikapu viwili kwa sababu jana watoto wawili walivigombania. Nusu ya kazi ya siku imeshafanyika, na hakuna mzazi aliyeiona.

Kazi hii wengi wetu huiona nyepesi. Husemwa kwamba mwalimu wa awali anacheza tu na watoto, na kwamba yeyote mwenye moyo mwema anaiweza. Moyo mwema unahitajika, lakini hautoshi. Huu ni ufundi wenye kanuni zake, unaofundishwa, unaokomaa kwa miaka, na Afrika Mashariki tunao mfano wake mzuri.

Miaka ya 1980 wazee wa jamii za Kiislamu wa Pwani ya Kenya walitaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari, bila kupoteza dini na mila zao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukaanza Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, na Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walimu walioujenga. Ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadaye shule zake zikazidi 200. Wanajamii walitoa chumba, wakaunda kamati, wakachagua wanawake wa palepale kwenda kufunzwa, wengi wao wakiwa hawajawahi kusomea ualimu.

Walimu hao walifunzwa kwa kutumia mawazo ya HighScope, mfumo uliotokana na kazi ya David Weikart na wenzake katika mji wa Ypsilanti, Michigan, Marekani, miaka ya 1960. Msingi wake ni kwamba mtoto hupanga anachotaka kufanya, hukifanya, kisha hukaa na wenzake kueleza alichofanya. Waliouleta Pwani hawakuuchukua mzimamzima. Waliingiza humo mafunzo ya dini, hadithi, nyimbo na vitendawili vya kwao, na badala ya vifaa vya dukani wakatumia vifuu, simbi, makuti, mbegu na mabaki ya vitambaa. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliosoma shule za awali walipiga hatua zaidi kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wa madrasa hizi wakawapita wenzao wa shule nyingine za awali. Vifuu na makuti havikuwa kikwazo.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama kinachotokea kwenye beseni la maji. Niliwahi kumwangalia mvulana wa miaka minne akijaribu kujaza chupa kwa kifuu. Alikuwa ameokota ile nusu yenye macho, na jicho moja lilikuwa limetoboka, kwa hiyo kila akichota, maji yanamwishia njiani. Akajaribu kuharakisha mkono. Akajaribu kuchota mengi zaidi. Mwalimu alikuwa amechuchumaa kando yake, anaona yote, kimya. Mwalimu mwenye haraka angempa kifuu kizima, na somo lingekwisha hapo. Huyu alingoja mpaka alipoona uso wa mtoto unaanza kukunjamana, ndipo akasema taratibu, “Naona maji yanakwisha kabla hujafika kwenye chupa.” Mtoto akainua kifuu juu, akachungulia chini yake, tone likamwangukia puani. “Mwalimu, kinavuja!” “Kinavujia wapi, mwanangu?” Akakizungusha, akalipata tundu, akaliziba kwa kidole, akachota tena. Chupa ikaanza kujaa.

Mwalimu alisema sentensi mbili tu. Ya kwanza ilimrudisha mtoto kwenye tatizo bila kumpa jibu, na ya pili ilimtuma akatafute. Angesema mapema, angemnyang’anya mtoto ugunduzi wake. Angechelewa, mtoto angekata tamaa na kwenda zake. Kuujua wakati huo kunataka umfahamu mtoto huyu mmoja, subira yake inaishia wapi, na jana alikwama kwenye nini. Ndiyo maana mwalimu mzuri ana daftari dogo la kuandika anayoyaona, na jioni hulisoma ili apange kona za kesho.

Malezi nayo ni sehemu ya ufundi huohuo. Mtoto anayelia mlangoni asubuhi habanduliwi mikononi mwa mama kwa nguvu, wala mama hatoroki kisirisiri. Mwalimu humpokea kwa jina, humwacha aage, kisha humpa kazi ndogo ya kushika, kama kugawa vikombe vya uji. Kugawa vikombe ni hesabu ya kila mmoja na chake. Kunawa mikono ni foleni, ni zamu, ni kujitegemea. Aliyejikojolea hubadilishwa nguo pembeni, bila tangazo. Mtoto anayejua kwamba hatadhalilishwa huthubutu kuuliza, na anayeuliza hujifunza.

Wazazi wengi, kwa mapenzi tu, hudai daftari lililojaa herufi. Lakini vidole vilivyofinyanga udongo, vilivyotunga shanga na kukamua kitambaa ndivyo vitakavyoshika penseli bila kuchoka. Na sikio lililozoea hadithi na vitendawili kwa lugha ya nyumbani ndilo litakalotambua sauti za maneno siku ya kusoma ikifika. Mwalimu hodari huwaeleza wazazi haya kwa heshima, mwaka baada ya mwaka, hata pale chekechea ya jirani inapojivunia watoto wanaokariri.

Ufundi huu una mipaka yake. Kiwango rasmi Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa darasa la awali, na madarasa mengi ya umma hubeba zaidi ya hapo. Hakuna subira inayoweza kuwagawia watoto 80 sentensi mbili zilizokuja kwa wakati wake. Hilo ni jukumu la serikali, za mitaa na za kitaifa, na la sisi tunaolipa ada na kodi.

Mzazi mwenzangu, ukienda kumwandikisha mwanao, usianze na rangi za ukuta wala basi la shule. Omba ukae darasani nusu saa. Angalia kama vitu viko mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Sikiliza nani anazungumza zaidi, mwalimu au watoto. Tazama mtoto anayelia anapokewaje. Ukimpata mwalimu anayejua kusubiri, mwandikishe mwanao hapo, kisha usimame kwenye kikao cha wazazi udai alipwe mshahara unaolingana na kazi yake.