Ilimba Mbele ya Mizani ya Piano

Wako wajuzi wa muziki ambao, wakiisikia ilimba ya Wagogo, husema upesi kwamba vyuma vyake havikulinganishwa sawasawa. Hukumu hiyo yafaa ichunguzwe kabla haijarithiwa na vijana wetu, kwani aghalabu anayeitoa amekwisha kuifanya piano kuwa mizani ya masikio yake.

Sauti ya mtu aimbaye, au ya uzi wa zeze, haiwi moja. Ikiwa ile ya chini kabisa hutetema mara 100 kwa sekunde, ndani yake zimo nyingine za mara 200, 300, 400 na kuendelea. Kinywa, kikipanuka kwa "a" au kikibana kwa "u", huzikuza baadhi na kuzififisha nyingine. Ndiyo maana twazitambua irabu. Katika ngazi hiyo ya maumbile ndimo Wagogo walimochota sauti za nyimbo zao na za ilimba, na ya saba haikuachwa. Hiyo hutetema mara 700. Piano iliyolinganishwa kuanzia 400 haina sauti hiyo: iliyo jirani yake hutetema karibu mara 713. Nani basi aliyepotoka?

Mwaka 1885 Alexander Ellis wa Uingereza alieleza vipimo vya ala za mataifa mbalimbali, akakiri kwamba ngazi za muziki wa binadamu si moja. Kwa hilo twamshukuru. Lakini senti alizotuachia, 1,200 katika oktava, zilikatwa ili kila hatua ya piano ipate 100 kamili. Kwa hiyo sauti ya saba huandikwa 969, na msomaji asiyejihadhari hudhani imepungukiwa 31. Hesabu ni sahihi. Neno "kupungukiwa" ndilo lenye kasoro.

Kosa kubwa zaidi ni kupima chuma kimoja kimoja katika chumba kimya. Fundi wa ilimba hutoboa tundu sandukuni na kulifunika kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Tena huweka vyuma visivyoguswa, vinavyoitikia vyenyewe vingine vikipigwa. Mtafiti aonaye mivumo hiyo kuwa kelele huiondoa, kisha huandika juu ya ala aliyokwisha kuikata ulimi. Asikilizaye rekodi za Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, atasikia jinsi koo lake linavyoingia ndani ya mvumo huo na kutoka tena.

Nimewaona walimu wa kwaya wakivisogeza vyuma vya ilimba ili vipatane na kinanda. Kwa tamasha la siku moja sina lawama. Lakini mtoto aliyejifunzia ilimba hiyo, siku atakapoketi na wazee wa Chamwino, atashikilia 713 pale wazee wanapoimba 700, na wao ndio watakaoambiwa wanyamaze.