Mwanga wa mchana katika banda la mashua: kutoka Dunkerque hadi Likasi

Jumba la AP2 lilijengwa mwaka 1949 katika bandari ya Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, likiwa karakana ya kuundia sehemu za meli. Kiwanda kilifungwa mwaka 1987, jumba likabaki tupu. Ulipofika wakati wa kulipatia kazi mpya, ya kuhifadhi hazina ya sanaa ya kisasa ya mkoa, wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal hawakuligusa sana. Walijenga ubavuni mwake pacha wa umbo na ukubwa uleule, akiwa amevikwa plastiki inayopitisha mwanga. Kazi ilikamilika mwaka 2013. Vassal aliwahi kufanya kazi Niger, na tabia yake ya kutumia vifaa rahisi kwa wingi inaonekana hapa waziwazi.

Ndani ya pacha huyo kuna nguzo na sakafu za zege. Nje kuna shiti za polikaboneti na, sehemu nyingine, mito ya plastiki nyembamba iliyojazwa hewa. Nafasi kati ya ngozi na vyumba haipashwi moto kwa mashine. Jua ndilo linaloipasha, kama linavyofanya katika mabanda ya wakulima wa mboga wa Ulaya.

Mtego huo wa joto, ambao Dunkerque ni faida tupu, ungekuwa adhabu Katanga, kusini mwa Kongo. Mji wa Likasi, ulio huko, uko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300. Mashariki yake lipo Ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930. Kwa kuwa ziwa hilo halina kina kirefu, linafaa mashua ndogo za matanga zenye ubao wa chini unaoinuliwa. Banda la kuzihifadhi likijengwa ufukweni, swali la kwanza ni upande gani wa kupitishia mwanga.

Paa halifai. Kati ya mwisho wa Oktoba na mwisho wa Februari jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, na kila kipande angavu cha paa huleta joto kamili. Miezi minane inayobaki jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini. Mwezi Juni hushuka hadi nyuzi 56 hivi juu ya upeo. Kuukinga ukuta wa kaskazini wenye kimo cha mita 3 kwa saa hiyo kunadai paa litokeze nje zaidi ya mita 2. Kusini hesabu ni nyepesi: hata Desemba jua la adhuhuri haliteremki chini ya nyuzi 77, kwa hiyo sentimita 70 zinatosha kutia kivuli ukuta wa kimo hichohicho. Asubuhi na jioni za miezi hiyo minne ya jua la kusini, jua huupiga ukuta kwa upogo, lakini ndiyo miezi ya mvua na mawingu. Basi polikaboneti iwekwe kusini, matofali ya kuchoma mashariki na magharibi, na juu bati la kawaida.

Kufunga shiti ndiko mafundi wengi huharibu. Polikaboneti hutanuka kiasi cha milimita 0.065 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto: shiti ya mita 6, joto likibadilika nyuzi 40, huongezeka karibu milimita 16. Tundu la skrubu likiwa finyu, shiti huvimba, kisha hupasuka. Vijia vya hewa vilivyo ndani ya shiti visimame wima, ncha ya juu izibwe kabisa, ya chini izibwe kwa utepe wenye vitundu ili unyevu utoke. Uso uliopakwa kinga ya miale ya jua lazima uangalie nje. Filamu ya kiwandani huuonyesha, na ikibanduliwa mapema nyuso mbili hazitofautishwi kwa macho.

Kinga hiyo ina faida ya pili. Matanga ya poliesta hulegea nyuzi zake kwa miale hiyohiyo, na shiti huzuia sehemu kubwa yake. Shiti ya rangi ya maziwa hutawanya mwanga, na fundi anayeziba ufa kwa faibaglasi haongojei kivuli chake kihame. Chini ya paa yanahitajika matundu marefu ya kutolea hewa ya moto, yenye wavu wa kuzuia popo. Mwishoni mwa kiangazi vumbi jekundu la barabara huwa limeufunika ukuta. Huoshwa kwa maji mengi na kitambaa laini, kamwe si kwa petroli.