Matumizi ya Kitenzi "Kutaifisha"

Kitenzi "kutaifisha" kimezoeleka mno katika nyaraka za serikali na magazeti, hata ni nadra mwandishi kusita na kujiuliza maana yake. Tumeonelea tukichambue hapa, kwa sababu siku hizi kinashika mahali pa vitenzi vingine visivyolingana nacho, na anayeumia ni mwananchi asiyeijua sheria.

Shina lake ni nomino "taifa", iliyotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kundi la watu. Kiswahili kiliipanua maana hiyo ikawa umma wote wa nchi moja, kisha kikaongeza kiambishi cha kusababisha, "-isha". Waarabu wenyewe, kwa jambo hilo hilo, walijengea kitenzi chao juu ya neno "umma". Kutaifisha, basi, ni kukifanya kitu kiwe mali ya taifa. Kitenzi hiki kinataja kitu kinakokwenda. Hakitaji kosa la aliyekuwa nacho.

Matumizi hayo ndiyo yaliyovuma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki zilipotaifishwa. Mfano mwingine unaonekana Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, uwanja ulioachwa wazi wakati wa ukoloni ili kuitenga Kariakoo na Uhindini. Mwezi Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, na mengi yalikuwa katika mitaa ya mji kama hiyo. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Jina la sheria, lililokuwa kwa Kiingereza, lilitaja tendo la kutwaa. Watu mitaani walisema nyumba "zimetaifishwa". Wote walikuwa sahihi: kutwaa ni tendo, na kutaifisha ni matokeo yake.

Sasa tuvuke uwanja tuingie Kariakoo. Mchuuzi aliyepanga bidhaa kandokando ya barabara anakutwa na mgambo, na bidhaa zinachukuliwa. Yeye atasema amenyang'anywa. Mgambo atasema amezikamata. Na mwandishi wa taarifa huenda akaandika kwamba "zimetaifishwa". Hapo ndipo penye hatari. Mali iliyoshikiliwa ina mwenyewe bado, naye anaweza kuidai; mali iliyotaifishwa haina tena mwenyewe ila taifa. Mchuuzi akisomewa neno hilo atarudi nyumbani mikono mitupu, akiamini kwamba hana la kudai.

Huenda tukaambiwa kwamba mahakama nazo hutaifisha mali iliyopatikana kwa uhalifu. Hatupingi, maadamu amri imetolewa na mali imekuwa ya serikali. Tunachokataa ni kulitanguliza neno kabla ya amri.

Lugha yetu haina upungufu wa maneno. Mali ikiwekwa kwa muda, "imeshikiliwa" au "imezuiliwa". Ikichukuliwa kwa mamlaka ya sheria, "imetwaliwa". Ikiuzwa kwa ajili ya deni, mwenyewe "amefilisiwa", kitenzi chenye asili ya Kiarabu kinachohusiana na jina la sarafu ndogo. Ikichukuliwa pasipo haki, "amenyang'anywa". Ikiwa mali ya nchi nzima, hapo ndipo "imetaifishwa". Tena, tangu miaka ya 1990 tunacho kinyume chake, "kubinafsisha", kilichoundwa kwa kanuni ile ile. Hakuna anayekitumia kwa maana ya kumwazima mtu kitu.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo uzembe wa mfasiri si kosa la mtindo tu, kwani neno analolichagua laweza kuingia katika hukumu. Twawasihi wafasiri, walimu na maofisa wajiulize swali moja kabla ya kuandika "imetaifishwa": je, mwenyewe akija kesho na stakabadhi yake, atarudishiwa? Ikiwa yawezekana, neno hilo si mahali pake.