Sifa za Mpandikizaji wa Mitende

Katika fani zote alizozibuni binadamu ili kuisaidia miti kuzaa, sijaona iliyonistaajabisha kuliko ile ya mpandikizaji wa mitende wa Oman, ambaye kila mwaka, baina ya Januari na Machi, majira yale yale ambayo kaskazi ilikuwa ikiyaleta pwani yetu majahazi ya Sur na makanda yake ya tende, hujifunga kamba kiunoni, akaizungusha katika gogo la mtende, akapanda juu miongoni mwa miba kwenda kutenda kazi ambayo kwa mimea mingi Mwenyezi Mungu ameiwakilisha kwa nyuki na upepo.

Kwani mtende si kama mnazi, ambao maua yake ya kiume na ya kike hukaa katika karara moja. Mtende dume ni mti mbali na mtende jike ni mti mbali, na lau kazi yote ingeachiwa upepo, ingempasa mkulima kulijaza shamba madume yasiyozaa hata tende moja. Nani, katika nchi ambayo maji ya falaji, yaani mfereji wa kumwagilia, hugawanywa kwa zamu na kila zamu ina mwenyewe, angeridhia kuwanywesha wasiozaa? Ukiwapo mkono wa mtu, dume moja hutosha majike yapatayo 50.

Karara la dume hukatwa pale linapoanza kupasuka, nalo likifunuliwa huonyesha vijiti vyeupe vilivyosongamana maua, vyenye harufu ya unga mbichi, na ukivitikisa hukuachia vumbi la mbelewele vidoleni. Mpandikizaji huchukua vijiti vichache, akavipachika kichwa chini katikati ya shada la jike, kisha hulifunga shada kwa ukuti mwembamba, fundo lake akiliregeza makusudi, ili maua yanapokua yalifungue yenyewe bila ya yeye kurudi.

Wako wanaomsifu kwa ushujaa wa kupanda, na ushujaa anao. Lakini mimi namsifu zaidi kwa kuijua saa. Shada la jike hupokea kwa siku chache tu tangu karara kupasuka, na siku hizo hazilingani kwa kila aina. Tena makarara ya mti mmoja hayafunguki kwa pamoja, basi hana budi kuupanda mti ule ule mara kadhaa, na mvua ikinyesha ikaliosha vumbi, kazi huanza upya. Ua lililokosa mbelewele huleta vijitunda vitatu vilivyobanana, visivyo na kokwa wala utamu. Lililopata, kimoja hukua kikawa tende, na viwili hufifia.

Imepokewa katika Hadithi mashuhuri kwamba watu wa Madina waliacha kupandikiza mitende yao kwa kudhani kuwa ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyotaka, mavuno yakaharibika, naye akawabainishia kuwa katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo aliyopata kupewa mkulima.

Juu ya hayo, mkulima huyo hapandi kokwa, kwa kuwa katika kokwa takriban nusu hutoka madume, na zilizosalia hazimfuati mama. Hung'oa chipukizi shinani mwa mtende anaoujua, na kwa njia hiyo tende aina ya Khalas ya leo ni ile ile ya mababu. Kokwa, hata hivyo, ina subira yake: mwaka 2005 mtafiti Elaine Solowey aliiotesha moja iliyofukuliwa katika ngome ya kale ya Masada, yenye umri wa miaka ipatayo 2,000, na mti wake, uliopewa jina la Methuselah, ukadhihirika kuwa dume. Ikabidi kungojea mpaka kokwa nyingine za kale zitoe jike. Na tende zake zilizochumwa mwaka 2020 hazikupatikana ila baada ya wataalamu kuuchukua unga wa dume lile na kuutia katika maua ya jike kwa mikono yao.