Jumapili Moja, Majina Mangapi?

Sisi tunaofundisha katika vyuo vya theolojia hukutana mara kwa mara na barua za wamisionari kwa Wakristo wa nyumbani kwao. Ndani yake haikosekani Jumapili yenye shughuli nyingi. Baba amehubiri mara mbili, mama amefundisha watoto, wagonjwa wametembelewa, gari limekwama mchangani, na usiku wawili hao wamerudi wamechoka wakimshukuru Mungu. Ninataka kuzipima barua hizo bila kuzidharau, maana imani yetu wenyewe ni tunda la kazi inayosimuliwa humo.

Miaka kadhaa iliyopita niliwatafsiria mzee mmoja na mkewe, wastaafu waliokuja Dodoma kutoka ng'ambo kutumika kwa muda. Jumapili hiyo tulianza na ibada ya kwanza mjini, kisha tukaenda mtaa wa kijijini. Tulipokelewa kwa "mbukwa" nyingi. Baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka: mtama, mayai, na jogoo mmoja ambaye mzee alimshinda kwa bei, akina mama wakapiga vigelegele. Jioni tukamwombea mgonjwa nyumbani kwake. Baadaye walinionyesha barua waliyoandika kuhusu siku ile. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini mwinjilisti aliyezunguka wiki nzima kwa baiskeli kuwaalika watu, na aliyebaki na yule mgonjwa gari letu lilipoondoka, hakuwamo. Hata mimi sikuwamo. Msomaji angedhani mzee yule amezaliwa akisema Kiswahili.

Mfano mkubwa zaidi wa uandishi huu umetoka hapa kwetu, kwa ndugu zetu Waanglikana. Paul White, daktari Mwaustralia, alikuja Tanganyika mwaka 1938 pamoja na mkewe Mary, akafanya kazi katika hospitali ya Mvumi, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma. Mwaka 1941 walirudi Australia kwa sababu ya afya ya Mary. Kutokana na miaka hiyo michache White aliandika mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor, yaani daktari wa msituni, vilivyotafsiriwa katika lugha nyingi za dunia.

Aliyewahi kufika Mvumi atauliza mara moja: msitu uko wapi? Ugogo ni nchi ya mibuyu na miiba, yenye mvua za msimu mmoja na vumbi la kiangazi kirefu. Msomaji wa mbali aliitazamia Afrika yenye msitu, naye akapewa hiyo hiyo kwenye jalada. Hili si kosa dogo. Tukibadilisha nchi ili ifanane na matazamio ya msomaji, kesho tutawabadilisha na watu wake.

Hata hivyo White anastahili sifa kwa jambo moja kubwa. Katika vitabu vyake vya hadithi za wanyama, anayesimulia kando ya moto ni Daudi, msaidizi wa hospitali. Nyani na wanyama wenzake wanafanya upumbavu wao, wasikilizaji wanacheka, kisha Injili inawafikia kwa njia waliyoizoea tangu kwa bibi zao. Mwandishi amekubali kwamba Neno lina mdomo mwingine zaidi ya wake. Kwangu mimi, hapo ndipo vitabu hivi vina uhai.

Bali jalada linamtaja daktari peke yake. Mary naye alivuka bahari, na mwili wake ndio uliolazimisha safari ya kurudi.

Luka anaandika tofauti. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunakutana na Prisila na Akila, mume na mke waliofukuzwa Rumi, wakaishi ugenini wakishona mahema. Walimpokea Paulo, na baadaye wakamfundisha Apolo. Luka hahesabu ibada walizofanya. Lakini jina la mke limo kila wanapotajwa, na wanapoondoka Korintho linatangulia hata la mumewe. Apolo naye hakuachwa kuwa mwanafunzi tu. Uhodari wake wa maneno umeandikwa kabla hajafundishwa lolote.

Nasi Walutheri tuna sababu yetu ya kuisoma Jumapili yenye shughuli nyingi kwa uangalifu. Katika Katekisimu Kubwa, Luther anaeleza kwamba siku ya pumziko ipo kwanza kwa ajili ya miili ya watumishi waliofanya kazi wiki nzima, na kwamba kinachoitakasa ni Neno la Mungu. Kama ni hivyo, siku haitakaswi kwa wingi wa safari zetu. Barua inayohesabu safari inamsifu Mungu mwishoni, lakini katikati imemsifu dereva.

Nisiwaseme wageni peke yao, maana tabia hii tumeirithi. Mchungaji wa leo anakimbia mitaa mitatu kwa pikipiki Jumapili moja, kisha anaandika taarifa: ibada kadhaa, ubatizo kadhaa, sadaka kiasi fulani. Mke wake anaitwa mama mchungaji, anatarajiwa kila mahali, na haandikwi popote.

Nilipomaliza kuisoma ile barua ya wazee wale nilitoa taarifa yangu ya mwaka uliotangulia. Mwinjilisti ametajwa kwa cheo, bila jina. Mke wangu, aliyewafundisha watoto kila Jumapili niliyokuwa safarini, hayumo kabisa. Nikawaandikia wazee wale kuwashukuru, kisha nikakaa kuiandika taarifa yangu upya, nikianza na majina.