Séraphine wa Senlis na Miti Yake ya Uzima

Wahenga walinena ya kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mithali hii tumeizoea hata hatuisaili tena. Lakini yako maisha ya watu ambayo hutulazimisha kuipima upya, na mojawapo ni maisha ya Séraphine Louis, mtumishi wa nyumbani aliyekuwa mchoraji katika mji mdogo wa Senlis, kaskazini ya Paris, nchi ya Ufaransa.

Alizaliwa mwaka 1864 katika kijiji cha Arsy. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa mwaka mmoja tu, na baba akafuata kabla binti hajatimiza miaka saba. Akalelewa na dada yake mkubwa. Alichunga kondoo, kisha kwa muda wa miaka ishirini hivi alitumika katika nyumba ya watawa mjini Clermont, baada ya hapo akawa mfanyi kazi katika nyumba za watu wenye nafasi mjini Senlis. Shule ya uchoraji hakuiona, wala hakupata mwalimu wa kumshika mkono. Alikuwa amekwisha pita miaka arobaini alipoanza kuchora. Mwenyewe alisema kwamba ameamriwa na malaika wake mlinzi. Na amri hiyo aliitii usiku, kwa mwanga wa mshumaa, baada ya kazi za mchana kwisha.

Mwaka 1912 Wilhelm Uhde, Mjerumani aliyekuwa mnunuzi na mchambuzi wa picha, na mmoja wa watu wa kwanza kununua kazi za Picasso, alikuwa amepanga vyumba Senlis. Katika nyumba ya jirani aliona picha ndogo ya matofaa, ikamsimamisha. Aliuliza mchoraji ni nani. Akajibiwa kuwa ni Séraphine, yule yule aliyekuwa akija kumfagilia vyumba! Vita vya mwaka 1914 vilimfukuza Uhde katika Ufaransa. Alirudi baadaye, na mwaka 1927 akaziona tena picha za Séraphine katika maonyesho ya wachoraji wa mji huo. Tangu hapo alimnunulia vifaa na kumlipa, na yule mwanamke akaanza kuchora picha kubwa, nyingine zenye urefu wa mita mbili.

Sasa tuzitazame picha zenyewe, maana hadithi ya mtu, hata ikiwa ya kusikitisha namna gani, haiwezi kuwa badala ya kazi yake. Katika picha kama ile iitwayo Mti wa Uzima, ya mwaka 1928, hatuoni nyumba, wala njia, wala mtu. Mti umeota kutoka chini ya picha, ukapanda, ukatandaza majani yake hata ukingoni. Majani hayo si ya mti wowote tunaoweza kuutaja. Mengine yamefanana na manyoya ya ndege, na mengine yana madoa kama macho, hata mtazamaji hudhani kwamba mti nao unamtazama. Hakuna kivuli, wala upande wa karibu na wa mbali. Kila jani limepewa heshima sawa na jenzake, na kila moja limechorwa kwa subira, mstari kwa mstari.

Wako wasemao kwamba huo ni uchoraji wa mtu asiyejua. Mimi naona wamechanganya mambo mawili, kutofundishwa na kutojifunza. Séraphine hakufundishwa, lakini alijifunza. Mashamba ya Arsy yalimfundisha majani na matunda. Makanisa aliyoswali yalikuwa na madirisha ya vioo vya rangi, na rangi za picha zake zawaka kama vioo hivyo vipigwapo na jua. Alitumia rangi ya dukani, ile ya kupakia milango na kuta, akaichanganya kwa namna ambayo hakumwambia mtu. Tena, mtu aliyepiga deki sakafu miaka mingi anajua kwamba kazi kubwa humalizika kwa kurudia tendo dogo bila kuchoka. Kwake kuchora kulikuwa ibada, na ibada hii aliifanya kwa mikono ya mtu wa kazi.

Wako pia watazamao picha hizi na kuona dalili za wazimu tu, kwa sababu mwaka 1932 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Clermont. Hoja hii yashindwa na jambo moja: huko hospitalini hakuchora tena. Kama ugonjwa ndio uliochora, kwa nini ulipozidi brashi ikalala? Picha zake zina mpango; shina hubeba matawi, matawi hubeba majani, na hakuna pembe iliyosahauliwa. Hiyo ni kazi ya akili iliyojitawala.

Hata hivyo, mchambuzi mwaminifu hasifu bila mipaka. Séraphine alichora maua, matunda na miti, na aghalabu hakutoka nje ya hayo. Mtu akiziona picha kumi zake katika chumba kimoja, huenda akachoka. Na baadhi ya mafungu ya maua yamesongamana hata jicho halipati pa kupumzika. Lakini asaliye rozari hurudia maneno yale yale, naye hakusudii kutafuta maneno mapya. Picha hizi zataka mtazamaji asimame mbele ya moja, tena kwa muda mrefu.

Turudi kwenye mithali yetu. Biashara ya dunia ilipoanguka, kuanzia mwaka 1929, wanunuzi walipungua na msaada wa Uhde ukakatika. Uhde alitangaza kwamba Séraphine alikufa mwaka 1934. Kumbe aliishi miaka minane zaidi, akafa tarehe 11 Desemba 1942, wakati wa vita, ambapo njaa iliwaua wagonjwa wengi wa hospitali za namna ile. Alizikwa katika kaburi la pamoja. Leo picha zake zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Senlis, na mwaka 2008 maisha yake yalitolewa katika filamu iliyopata sifa kubwa.

Basi, je, chema kilijiuza? Picha ya matofaa ilikuwa njema hata kabla ya Uhde kuingia katika nyumba ile. Wengi walipita mbele yake, nao walimjua aliyeichora kwa ufagio wake tu. Mmoja alisimama na kuuliza. Nanyi wasomaji, mkutanapo na kazi ya mtu asiye na cheti wala jina, itazameni kwanza kabla ya kuuliza ametoka shule gani.