Pacha Aliyezimwa

Tamthilia ya televisheni Star Trek: The Next Generation ilionyeshwa Marekani kwa misimu saba, tangu mwaka 1987 hadi 1994. Ilipofungwa, wahusika wake walihamia katika sinema, na filamu ya nne na ya mwisho waliyocheza pamoja ni Nemesis, iliyotolewa Desemba 2002 chini ya uongozi wa Stuart Baird. Aliyeifuata tamthilia ile kwa mapenzi hutoka katika filamu hii na uchungu wa aina yake: kila kitu kimo, na hakuna kilichopewa nafasi ya kusema.

Kisa chenyewe kina uzito. Waromula walimuunda kwa siri kijana Shinzon kutokana na chembe za mwili wa Nahodha Jean-Luc Picard, wakinuia kumpachika siku moja mahali pa nahodha huyo. Shauri lilipobadilika, mtoto akatupwa katika machimbo ya Remus, akalelewa na watumwa. Damu moja, malezi mawili. Je, mtu ni kipi kati ya hivyo? Tom Hardy, aliyekuwa bado kijana, anamcheza Shinzon kwa njaa ya kweli, na wawili hao wanapoketi mezani kula pamoja mtazamaji huinama mbele ili asikie. Mazungumzo hayo hukatika upesi. Filamu inawahi mizinga, kama ilivyokwisha kuwahi mbio za gari jangwani ambazo hazina kazi yoyote katika hadithi.

Hapo ndipo inapobidi kukumbuka kipindi kiitwacho “Darmok”, cha mwaka 1991. Picard anakutana na Dathon, nahodha wa taifa ambalo maneno yake yanafasirika lakini maana yake haishikiki, kwa kuwa watu wake husema kwa kutaja visa vya ngano zao tu. Ni kama mtu wa pwani aseme “Liongo na mwanawe”, akanyamaza. Aliyekulia na ngano hiyo ameshaelewa kuwa panasemwa usaliti wa damu kwa damu. Mgeni anabaki na majina mawili mkononi. Dathon anajitia hatarini pamoja na Picard ili kisa chao wawili kiwe neno la kwanza la lugha ya pamoja, na anakufa kwa majeraha baada ya Picard kumsimulia ngano ya Gilgamesh kando ya moto. Yeyote aliyewahi kufasiri shairi anaijua kazi ile. Na huyo ndiye nahodha ambaye mwaka 2002 amepewa bunduki na usukani.

Jeraha kubwa zaidi la filamu, hata hivyo, limo katika tukio dogo. Data, ofisa aliyeundwa kwa mikono ya binadamu, anampata ndugu yake wa kuundwa, B-4, mwenye akili ya kitoto. Anamimina kumbukumbu zake zote ndani ya kichwa cha ndugu huyo, ambaye hajui anapewa nini. Baadaye, ilipobainika kuwa B-4 ametumiwa na adui bila kujijua, Data anamzima. B-4 anauliza atazimwa kwa muda gani. Anajibiwa kuwa ni muda usio na kikomo. Anauliza tena huo ni muda gani, na kidole kinabonyeza.

Katika “The Measure of a Man”, kipindi cha mwaka 1989, Data mwenyewe alisimamishwa mbele ya baraza ili iamuliwe kama ni mtu au ni mali. Alikuwa amekataa kufunguliwa kichwa kwa kuhofia kwamba kumbukumbu zake zingebaki taarifa tupu, ladha yake imetoweka. Riker, rafiki aliyelazimishwa kumshitaki, alimzima mbele ya hakimu, na kipindi kizima kikatikisika kwa aibu ya kitendo kile. Nemesis inakirudia kitendo hichohicho kwa mkono wa Data mwenyewe, kisha inasonga mbele kana kwamba umezimwa taa ya ukumbini.

Data naye hufa akimwokoa nahodha, na hata kifo hicho hakikuheshimiwa: kabla machozi hayajakauka B-4 ameanza kuimba kwa kubahatisha wimbo wa Data, yaani mlango umeachwa wazi kwa filamu nyingine. Haikuja. Wahusika walirudi katika tamthilia ya Picard, na mwishoni mwa msimu wake wa kwanza, mwaka 2020, masalio ya fahamu za Data yanaomba kuzimwa ili yapate kufa kifo cha kweli, na nahodha anayatimizia ombi hilo. Katika msimu huohuo B-4 anaonekana mara moja. Yuko vipande vipande ndani ya droo.